Nani Alipata Mbolea?

Kila mwaka tunapokutana hapa Oxon Hill kusherehekea tarehe 9 Desemba, watoto wetu hutuuliza Uhuru wa 1961 ulituletea nini. Huwa tunawajibu kwa habari za bendera, Mwalimu Nyerere na shule. Mwaka huu tuwajibu kwa habari ya mfuko wa mbolea.

Wengi wetu tumetoka katika familia za wakulima. Baada ya Uhuru serikali iliwapunguzia wakulima bei ya mbolea, lakini ruzuku hiyo iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chakula kilipopanda bei duniani mwaka 2008, ukaanzishwa mpango wa vocha nchi nzima. Mkulima wa mahindi au mpunga alipewa vocha za mbegu bora na mbolea za kutosha ekari moja. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, naye akamalizia kwa wakala wa pembejeo. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 2014, kaya zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimefikiwa.

Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa mzuri. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha, wanawake watatu na wanaume watatu, na majina yalipaswa kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Lakini watafiti waliochunguza vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro walikuta kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji wenyewe. Sisi tulioko huku tulizipata habari hizo kwa simu: "Mwanangu, vocha zimekwisha, tutumie hela ya mbolea." Na tuseme ukweli, baadhi yetu ni watoto wa viongozi hao. Mfuko ulipofika kwa baba, hatukuuliza jirani amepata nini.

Watoto wetu wasidhani kwamba Marekani ilipata uwazi bure. Makao ya Wizara ya Kilimo, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa, yako katika barabara iitwayo Independence, yaani Uhuru. Sheria ya kumpa mwananchi haki ya kuona kumbukumbu za serikali ilisainiwa na Rais Johnson tarehe 4 Julai 1966, siku ya uhuru wa taifa hili. Hata hivyo, gazeti la Washington Post lililazimika kwenda mahakamani kudai majina ya waliolipwa ruzuku ya pamba, na likashinda mwaka 1996. Mwaka 2001 shirika la Environmental Working Group liliweka majina na kiasi cha fedha kwenye intaneti. Watu wakaona kwamba sehemu kubwa iliwaendea wenye mashamba makubwa, na kwamba hata Scottie Pippen, mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu, alikuwa amelipwa. Hakuvunja sheria. Lakini sasa mwananchi aliweza kuuliza kama sheria yenyewe ni ya haki.

Nyumbani nako kumepigwa hatua. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa, kila mmoja na namba yake. Ni jambo jema. Ila daftari lililofungiwa kwenye kompyuta halina tofauti na lililofungiwa kabatini, kama wanakijiji hawawezi kulisoma.

Katika misiba na harusi zetu hapa, majina ya waliochanga husomwa kwa sauti, kila mtu na kiasi chake. Hakuna anayeona aibu. Fedha ya umma nayo ni mchango wetu sote. Basi tunapotuma hela ya mbolea, tuulize pia: je, majina ya waliopokea yalisomwa mkutanoni?

Heri ya Uhuru.