Mpira Chini ya Shuka

Vifaa vingi vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wanaotokwa na mkojo usiku vililinda godoro kwanza. Ngozi ikafikiriwa baadaye. Sisemi hivi kwa kuwalaumu waliovibuni. Nasema kwa sababu historia yake inaonyesha jambo ambalo wauguzi wa zamani walilijua na wauzaji wa leo hulisahau: kizuizi cha maji, kiwe cha mpira au cha plastiki, hakikukusudiwa kugusana na mwili. Kazi ya kumhifadhi mlalaji ilikuwa ya kitambaa kilichotandikwa juu ya kizuizi hicho, na ya mkono uliokibadilisha.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka hakikuwa na kitu kikubwa cha kuharibika. Mkojo ulipenya kamba ukaishia sakafuni, mkeka ukaoshwa na kuanikwa juani, na hewa ikapita chini ya mlalaji. Godoro ndilo lililobadilisha hesabu. Liwe la usufi, la pamba au, kama katika nyumba za wenye uwezo kule Ulaya, la nywele za farasi, godoro hunywa mkojo na kuutunza ndani, wala halifuliki. Mwenye godoro alikuwa na mali ya kulinda.

Njia ya kulilinda ilitoka Glasgow. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji: mpira ulioyeyushwa kwa nafta, ukabanwa katikati ya vitambaa viwili. Kitambaa hicho kilikakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto, hivyo hakikufaa sana kulaliwa. Kilichokifanya kifae ni kuupasha mpira joto kali pamoja na salfa, njia ambayo Thomas Hancock aliipatia hataza Uingereza mwaka 1843 na Charles Goodyear akaipatia Marekani mwaka 1844. Sasa mpira ulistahimili joto la mwili na kuoshwa mara kwa mara, ukaingia hospitalini. Nao wauguzi waliutandika kwa utaratibu maalumu: kipande cha mpira kilikatiza katikati ya kitanda, juu yake likakunjwa shuka nene la kuvutwa upande upande, ili sehemu iliyolowa iondoke na kavu ije chini ya mgonjwa bila kumwinua. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alionya hata dhidi ya kumlaza mgonjwa juu ya blanketi, kwa kuwa hushika unyevu na kuukandika mwilini kama dawa ya kubandika. Aliona kwamba kidonda cha kulalia kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si la maradhi. Kama blanketi lilimtia wasiwasi kiasi hicho, mpira mtupu ungemtia zaidi.

Sayansi ya baadaye ilimpa haki, ingawa kwa kupitia njia ya mzunguko. Mwaka 1921 daktari wa Marekani, J. V. Cooke, alihusisha vipele vya matakoni mwa watoto wachanga na bakteria wanaogeuza mkojo kuwa amonia. Kwa muda mrefu lawama zote zikaiangukia amonia. Tafiti za miaka ya 1980 zilipanua maelezo: ngozi nzima huvumilia amonia kuliko ilivyodhaniwa, lakini ngozi iliyolowa kwa saa nyingi hulainika na kuchubuka kwa msuguano mdogo. Tena mkojo ukioza huipotezea ngozi uchachu wake wa kawaida, na vimeng'enya vya kinyesi, kama kipo, hupata nguvu ya kuishambulia. Kizuizi kisichopumua huongeza jasho juu ya mkojo. Kwa mwenye pumu ya ngozi au ngozi iliyosinyaa kwa uzee, saa hizo ni nyingi mno.

Mpira ulikuwa na hatari yake pia. Mwaka 1906 George Oenslager, huko Akron, aligundua kemikali za kuharakisha uivaji wa mpira kwa salfa. Jamii nyingine za kemikali za kazi hiyo zilifuata, na baadhi yake, hasa thiuramu, zimekuwa chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Joto na jasho huzitoa polepole ndani ya mpira.

Mtu anaweza kujibu kwamba hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 1926 Waldo Semon alifanikiwa kuilainisha PVC, na plastiki ikachukua nafasi ya mpira bila thiuramu wala protini za utomvu wa mpira. Ni kweli, lakini plastiki nayo haipumui. Desturi ya kuliacha godoro jipya la sponji ndani ya nailoni yake huliokoa godoro na kumlaza mtu kwenye jasho. Jibu zito zaidi ni la utando wa poliyurethani, unaopitisha mvuke na kuzuia maji. Nalikubali: kwa ngozi inayodhurika upesi, huu ndio uboreshaji mkubwa tangu siku za Macintosh. Hata hivyo mvuke hupita taratibu, na mkojo uliomwagika hubaki juu ya utando mpaka kitu kiunyonye au mtu auondoe.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la umaskini. Utaratibu wa hospitali ulidai maji, sabuni, mashuka ya akiba na mtu wa kuamka usiku. Mwanamke mwenye fistula, ambaye mkojo humtoka mchana na usiku, mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, na kwake karatasi ya nailoni ni msaada wa kweli. Simwambii aiondoe. Ila kati ya nailoni na mwili panahitajika pamba inayonyonya, na khanga kuukuu zilizokunjwa mara kadhaa hufaa, kwa kuwa zimefuliwa mpaka zikalainika na hukauka upesi kuliko taulo. Zisuuzwe mpaka povu liishe, kwa maana mabaki ya sabuni na manukato yake huwasha ngozi ile ile tunayotaka kuikinga.