Diski Ilisema, Mimi Sikuuliza

Fundi wa Luthuli Avenue aligeuza skrini ili nione. "Hii diski yako imelia kitambo, bro," akasema. Palikuwa na orodha ya hesabu: saa ilizofanya kazi, joto lake, sehemu zilizoharibika. Ndani yake mlikuwa na maisha ya mzee mmoja aliyenilipa nimwandikie kitabu, mahojiano ya miezi mitatu. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Sikujua kwamba diski huweka rekodi ya ugonjwa wake. Kumbe jambo hili lilianza kabla sijazaliwa. Mwaka 1992, IBM ilitoa diski za tarakilishi zake za AS/400 zilizoweza kujipima na kuonya kabla ya kuharibika. Baadaye, Compaq ikishirikiana na watengenezaji wa diski ilileta IntelliSafe, iliyoruhusu tarakilishi kusoma vipimo hivyo. Mwaka 1995 Compaq ikaupeleka mpango huo kwenye kamati ya viwango, na hapo ukatoka mfumo wa SMART, ambao leo umo karibu katika kila diski.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Sehemu ya diski ikichakaa, diski huhamishia data mahali pa akiba, kisha huhesabu. Hesabu ikizidi kupanda, hamisha vitu vyako mapema.

Lakini usiitegemee peke yake. Mwaka 2007, watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha hitilafu ya kwanza ilipojikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Yaani diski ikinyamaza, si eti ni nzima.

Siku hizi nasoma hesabu za diski kila Jumapili, na nakala naweka hata kama sioni tatizo.

Nilirudi kwa mzee nikiwa na aibu. Hakunigombeza. "Keti, kijana wangu," akasema, akaanza upya. Ila safari hii alifupisha. Pale alipokuwa amewataja watu saba kwa majina, alisema tu, "wenzangu."