Julian Bond: mbunge aliyekatazwa kula kiapo

Juzi katika taarifa ya habari tulitaja "bunge la jimbo la Georgia" huko Marekani, na baadhi ya wasikilizaji wetu wakauliza: kwani Marekani ina mabunge mangapi? Swali zuri. Tumeona tulijibu kupitia maisha ya mtu mmoja, Julian Bond, kwa sababu kisa chake kinaeleza kazi ya mabunge hayo kuliko maelezo makavu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Tunaposema jimbo la Marekani hatumaanishi jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Ni kama nchi ndogo ndani ya nchi kubwa. Yako 50, na kila moja lina gavana wake, mahakama zake na bunge lake linalotunga sheria za shule, barabara, polisi na hata namna ya kupiga kura. Georgia, lililoko kusini, lina Baraza la Wawakilishi lenye viti 180 na Seneti yenye viti 56. Vikao vyao ni siku 40 tu kwa mwaka, kwa hiyo wabunge wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia riziki.

Julian Bond alizaliwa Januari 14, 1940, mjini Nashville, Tennessee. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo kile kile alichosoma Kwame Nkrumah wa Ghana. Mwaka 1957 kijana aliingia chuo cha Morehouse, Atlanta. Miaka mitatu baadaye alikuwa tayari ameshakamatwa na polisi kwa kwenda na wenzake kukaa kwenye mkahawa uliotengwa kwa ajili ya wazungu peke yao, wakaagiza chakula na kukataa kuondoka.

Mwaka huo huo wa 1960 alishiriki kuanzisha jumuiya ya wanafunzi iliyoitwa kwa kifupi SNCC, iliyopigania haki za weusi bila kutumia nguvu. Kazi yake ilikuwa habari: kuhariri gazeti lao, kuandika taarifa na kuzifikisha kwa waandishi. (Vijana hawa walikuwa na macho Afrika pia. Jaramogi Oginga Odinga alipopita Atlanta Desemba 1963, siku chache tu baada ya Kenya kupata uhuru, walikwenda kumsalimu, na baadaye wakatunga wimbo wenye jina lake.)

Kwa nini weusi hawakuwa bungeni? Kwanza, wengi walizuiwa kujiandikisha kupiga kura. Pili, viti viligawanywa kwa namna ambayo wilaya ya mashambani yenye watu wachache ilikuwa na nguvu kuliko mji wenye maelfu kwa maelfu. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majimbo yote yagawe viti kwa hesabu ya watu. Georgia ikalazimika kuchora mipaka upya, na mwaka 1965 Bond, akiwa na miaka 25, akashinda kiti cha Atlanta.

Hapo ndipo redio inapoingia. Januari 6, 1966, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana wasiotaka kwenda jeshini. Mwandishi wa redio inayogharimiwa na serikali ya jimbo alimpigia simu Bond akamuuliza: wewe unaliunga mkono tamko hili? Bond hakuwa ameliandika. Angeweza kusema hajalisoma, yakaisha. Alijibu kwamba analiunga mkono, na maneno yake yakarekodiwa. Sisi tunaokaa mbele ya kinasa sauti kila siku tunajua ni wanasiasa wangapi wangekata simu.

Wabunge 75 walipeleka maombi ya kumpinga. Januari 10, siku ya viapo, aliambiwa asisimame na wenzake. Alipohojiwa alieleza kwamba anavutiwa na ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini, lakini hajamshawishi yeyote achome, na kadi yake mwenyewe anayo mfukoni. Haikusaidia. Kura zikapigwa: 184 wakasema asiingie, 12 wakasema aingie.

Martin Luther King aliongoza maandamano kumtetea. Kiti kilipotangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika Februari, na wananchi wakamrudisha Bond yule yule. Bado akazuiwa. Novemba wakamchagua tena. Kwa maoni yetu, mashujaa wa kisa hiki ni hao wapiga kura: mwaka mzima walikaa bila mwakilishi na hawakukubali kuchaguliwa mtu na wengine.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, majaji wote tisa wakikubaliana. Georgia ilidai kuwa mbunge anaweza kubanwa katika maneno yake kuliko raia wa kawaida. Mahakama ikakataa: mbunge anahitaji uhuru mpana wa kusema, maana waliomchagua wana haki ya kujua msimamo wake. Januari 1967 Bond akala kiapo. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987.

Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais. Akajitoa, kwani alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35.

Akiwa seneta alipigania mipaka mipya iliyowapa weusi wa Atlanta wingi katika eneo moja la kuchagua mbunge wa taifa. Mwaka 1986 akataka kiti hicho mwenyewe. Mpinzani wake katika kura za maoni za chama alikuwa John Lewis, rafiki yake tangu SNCC. Kampeni ilikuwa chungu. Bond aliongoza duru ya kwanza lakini hakufikisha nusu ya kura. Duru ya pili Lewis akashinda, na urafiki wao ukaumia.

Baadaye alifundisha historia chuo kikuu, na kati ya 1998 na 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi. Alifariki Agosti 15, 2015, huko Florida, akiwa na miaka 75. Kwa wosia wake, majivu yake yalimwagwa baharini, na familia ikawaomba waliokuwa mbali wakusanyike penye maji yoyote yaliyo karibu, wadondoshe maua saa hiyo hiyo.