Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika
Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika ni usitishaji wa muda wa uvuvi, unaokusudiwa kuwapa migebuka na dagaa nafasi ya kuzaliana. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake, katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Burundi, Kongo na Zambia nazo zina sehemu zao za ziwa, na samaki hawajui mpaka. Kufunga upande mmoja hakutoshi. Ziwa likifunguliwa, masharti ya kawaida hubaki: leseni ya mvuvi na ya chombo, na marufuku ya kokoro, sumu na baruti. Hata ziwa likiwa wazi, uvuvi una mapumziko yake ya asili: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hupoteza mvuto, na wavuvi wengi hupumzika bila kushurutishwa na afisa yeyote.