Kutoka Mashahidi wa Minazi hadi Wakili: Wajibu wa Uwakili Kaloleni

Wajibu wa wakili kwa mteja ulichelewa kufika Kaloleni, katika eneo la pwani ya Kenya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mashauri ya Wagiriama, wenyeji wa huko, kuhusu minazi, mashamba na mahari yaliamuliwa na wazee, au na mahakama za Kiafrika zilizowekwa na serikali ya kikoloni. Sheria ya Mahakama za Kiafrika ya 1951 iliwafungia mawakili mlango wa mahakama hizo. Mwenye shauri alijitetea mwenyewe, na nguvu yake ilikuwa mashahidi.

Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti Kaloleni katika miaka ya 1960, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake cha 1972, Palms, Wine and Witnesses. Minazi na ardhi vilibadilisha mikono mbele ya wazee, na tembo la mnazi likanywewa. Ugomvi ulipozuka miaka mingi baadaye, ushahidi wenye uzito ulikuwa kumbukumbu za waliohudhuria, kwa hiyo hata tajiri wa minazi hakuweza kuwapuuza wazee. Ulikuwa utaratibu wenye busara kubwa, lakini ulikuwa na pengo: shahidi alikuwa jirani wa pande zote mbili, na hakufungwa na wajibu wa kumtetea mmoja wao.

Pengo hilo ndilo uwakili ulilokuja kuliziba. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikuwapo kisheria tangu 1949, ila ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967, iliyozifuta mahakama za Kiafrika, iliyompa mwanakijiji nafasi ya kuingia na wakili katika kesi ya aina hii.

Siri ni wajibu wa kwanza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 134, inamkataza wakili kufichua aliyoambiwa na mteja bila idhini yake, na katazo hilo linaendelea hata kazi ikiisha. Lakini haliwakingi wanaotaka msaada wa kutenda uhalifu. Fedha za mteja nazo hukaa katika akaunti iliyotengwa na fedha za wakili. Sheria ya Mawakili ya 1989, kifungu cha 46, inabatilisha mapatano ambayo kwayo wakili ananunua haki ya mteja iliyo kortini, au anajivua lawama ya uzembe wake. Katazo hili lina maana kubwa pale ambapo mali inayogombaniwa ni shamba la minazi na mteja hana pesa mkononi.

Hatari zaidi ni wakili mmoja kuwaandikia mkataba muuzaji na mnunuzi ili gharama ipungue. Mwaka 1993, katika kesi ya King Woollen Mills, Mahakama ya Rufani iliizuia kampuni ya mawakili iliyowahudumia mkopeshaji na mkopaji katika mkopo mmoja isiendelee kuwakilisha upande mmoja dhidi ya mwingine. Kwa mkulima asiyesoma hati, kinga hiyo ni kubwa kuliko ufasaha wowote wa kortini.

Wakili pia ana wajibu kwa nafsi yake: kuhuisha leseni kila mwaka, kuendelea kujifunza, kutowaazima makanjanja jina lake, na kukataa agizo la kuidanganya mahakama. Wajibu huu hautengani na ule alio nao kwa mteja, kwani wakili aliyekwisha kujiuza hana uhuru wa kumpa mteja ushauri wa kweli.

Katika kesi za jinai, Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa wakili wa serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda chombo cha kuusimamia msaada huo. Hata akilipwa na serikali, wakili huyo anawajibika kwa mshtakiwa.