Carmenère: Mzabibu Uliovunwa Mbichi kwa Zaidi ya Karne

Tarehe 24 Novemba 1994, Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu kutoka Montpellier, Ufaransa, alitembelea shamba la Viña Carmen katika Bonde la Maipo, nchini Chile. Wenyeji waliamini wamepanda Merlot. Boursiquot akayachunguza maua, akaona stameni zilizojipinda. Akawaambia hii si Merlot, ni Carmenère.

Wengi walidhani Carmenère imeshatoweka. Asili yake ni Bordeaux, lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19 filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, aliteketeza mizabibu ya Ufaransa. Wakulima walipopanda upya, wakiunganisha mizabibu yao na mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo, Carmenère waliiacha. Huchelewa kuiva, na majira ya kuchipua yakiwa na baridi na mvua, maua yake hupukutika bila kuzaa.

Bahati ni kwamba matajiri wa Chile walikuwa wamekwisha kuagiza vipando vya Kifaransa kabla ya balaa hilo. Anayekumbukwa zaidi ni Silvestre Ochagavía, mwaka 1851. Milima ya Andes, jangwa la Atacama na bahari ya Pasifiki viliikinga nchi, na filoksera hakuenea huko.

Mzabibu ukapona, ila mvinyo wake ukaumia. Carmenère ilichanganyika na Merlot shambani, zikavunwa pamoja, ilhali Carmenère huhitaji takriban wiki tatu au nne zaidi. Ikachumwa ingali mbichi, ikautia mvinyo ladha kali ya pilipili hoho, na wanywaji wakaamini hiyo ndiyo tabia ya Merlot ya Chile. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki: vizazi vya wakulima vilihangaika na shamba zuri vikifuata kalenda ya zao jingine.

Baada ya 1994 walianza kuitenga mizabibu hiyo, wakiitambua hata kwa wekundu wa majani yake machanga, na kuisubiri hadi Aprili au Mei. Mvinyo ukabadilika: rangi nzito ya zambarau, ladha ya matunda meusi, chokoleti na moshi, na ukali mdogo tu wa hoho. Colchagua, na Peumo iliyo katika Bonde la Cachapoal, ndiko ulikositawi hasa. Huko kiangazi ni kikavu, vuli ni ndefu, na mvua huchelewa kiasi cha kuuachia mzabibu huu muda ambao Bordeaux haikuweza kuupa.