Bordizimu ya Umbo

Bordizimu ya umbo ni upanuzi wa nadharia ya bordizimu, ya topolojia ya aljebra, hadi kwenye nafasi zenye vurugu ambazo mbinu za kawaida hazizitambui vyema. Katika bordizimu, iliyowekewa msingi na René Thom wa Ufaransa mwaka wa 1954, manifoldi mbili, yaani nafasi ambazo kila kipande chake kidogo hufanana na nafasi bapa, huwa za tabaka moja iwapo kwa pamoja ni ukingo wa manifoldi yenye kipimo kimoja zaidi; suruali ya mtumba katika soko la Kibuye, Kisumu, huunganisha hivyo duara la kiuno na maduara mawili ya miguu. Bordizimu ya nafasi fulani huainisha manifoldi pamoja na ramani zake kuingia humo. Nadharia ya umbo, iliyoasisiwa na Karol Borsuk wa Poland mwaka wa 1968, huikaribia nafasi tata kwa mfuatano wa polihedra, maumbo yaliyojengwa kwa pembetatu na jamii zake; bordizimu hukokotolewa kwa kila polihedra, kisha kikomo huchukuliwa. Kwa duara la Warsaw, ambalo sehemu yake hupindapinda bila kikomo, bordizimu elekevu ya kawaida, yaani ya manifoldi zilizopewa mwelekeo, katika kipimo cha 1 hutoa sifuri, ilhali ya umbo hutoa kundi la nambari kamili, kama duara la kawaida. Hata hivyo, kikomo hicho huweza kuvunja mifuatano kamili, yaani minyororo ya makundi ambamo kinachotoka katika kila hatua ndicho hasa kinachofutwa na hatua inayofuata, kasoro inayorekebishwa na nadharia ya umbo thabiti.